Wa Pili Kwenye Kitabu cha Wageni

Nyumba ya wageni, chumba namba 4
Jumatatu, 3 Juni

Chiriku wangu,

Nimefika salama. Basi limepanda mlima kwa saa tano, na abiria wa pembeni yangu alinilalia begani saa nne kati ya hizo. Simu yangu iko kwenye droo ya kabati, nimeiacha makusudi. Kwenye simu mtu anajibaraguza, anasema mtandao mbaya, anakata. Barua inabaki. Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja na nimezoea majibu ya maandishi. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kutubebea bahasha, kwenda na kurudi.

Mji ni mdogo. Barabara moja ya mawe inapanda, nyingine inashuka, na zinakutana posta. Vivutio vyote vimeandikwa kwenye ubao wa kituo cha basi na mishale yake: maporomoko, daraja la mawe, ngome, pango, mnara wa saa. Mtu mwenye magoti mazima anavimaliza kwa siku mbili. Nilipita chini ya mnara nikalinganisha, saa yake inakwenda sawasawa kabisa na hii ya baba yako ninayovaa siku hizi. Nikasimama pale kidogo, maana ndiyo saa aliyokuwa anakuja kuitengeneza kila mwaka, mwezi huu huu. Siku nane. Akirudi nikimuuliza ameona nini, anasema, "Nitaona nini, mama watoto? Kazi tupu." Nikasema basi, mjane wake ataviona badala yake.

Leo nimeanza na maporomoko. Mlangoni kuna kibanda, mlinzi, na kitabu cha wageni: tarehe, jina, unakotoka, idadi ya watu, maoni. Unanijua, karatasi ikiwa mbele yangu lazima niikague. Nikafunua kurasa za nyuma, nikauona mwandiko wa baba yako, ile herufi ya kwanza iliyopinda kama ndoano. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita. Idadi ya watu: 2. Maoni: "Maji ni mengi kuliko mwaka jana."

Kuliko mwaka jana, Chiriku. Kwa hiyo haikuwa mara moja.

Mimi sikuwapo. Wewe ulikuwa wodini kwako unauguza watoto wa watu. Kaka yako simtaji, na sababu unaijua. Basi wa pili ni nani?

Mama yako


Nyumbani
Alhamisi, 6 Juni

Shikamoo Mama,

Nashukuru umefika. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido ya wodi, na nusu nyingine nikaimalizia nikimshika mtoto anayechomwa sindano. Wajukuu zako wanakuulizia kila siku. Mdogo amekaa kwenye kiti chako anasema sasa ni chake.

Habari ya kitabu usiitie moyoni. Labda mlinzi alimhesabu na mtembezaji wa wageni. Au Baba alikutana na mgeni mwingine mlangoni, wakajiandika mstari mmoja ili wasichelewe. Na yeye alikuwa na haraka zake, huenda aliandika tu. Mama, ni mwaka na miezi mitatu sasa. Mwache apumzike.

Nasikia huko milimani mvua zinakaribia na njia zinateleza. Maporomoko umeshayaona, ndiyo mazuri kuliko vyote. Panda basi la Jumapili urudi. Goti lako nalijua kuliko wewe.

Kitinda mimba wako


Chumba namba 4
Jumamosi, 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umenipa sababu tatu. Mwanafunzi mwenye jibu huandika moja.

Mlinzi nimemuuliza: mtembezaji hahesabiwi. Mgeni hajiandiki kwa mstari wa mwenzake, kila kundi na mstari wake. Na baba yako hakuwahi kuwa na haraka maishani mwake. Mtu aliyetumia robo saa kukata kucha za mkono mmoja!

Juzi nilikwenda daraja la mawe, jana ngome. Ngome ina kuta nene na mizinga miwili yenye kutu, na kila jiwe linalofikika limekwaruzwa jina la mwanafunzi fulani. Mtunzaji wake ni mama anayefuma sweta mlangoni. Vitabu vya nyuma anavyo kabatini, na kwa kuwa hakuna mgeni mwingine aliyekuja, akaniachia. Nikakaa kwenye benchi nikavisoma kama ninavyosahihisha, kalamu mkononi. Miaka tisa, mwanangu. Mwezi wa sita kila mwaka, ndoano ile ile, na watu wawili. Mwaka wa kumi, ule wa mwisho kabla hajafa, hayumo. Yumo kwenye kitabu cha daraja tu, maana pale hakuna kupanda. Hata hapo ni wawili. Mtu mgonjwa, moyo umeshamchoka, bado ana wa kumsindikiza.

Leo asubuhi pangoni. Wanakuvika kofia ngumu yenye taa, unainama mpaka kiuno kinalia, na popo wananuka. Kwenye maoni ya mwaka mmoja ameandika: "Leo tumefika mpaka chumba cha mwisho. Tumecheka sana."

Hapo ndipo nilipoumia. Nilikaa nje ya pango nimevaa kofia ya watu kichwani, nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho baba yako kucheka sana na mimi. Nyumbani alikuwa mpole, anakula, anasema asante, anarudi kwenye saa zake. Mimi nikasema ndivyo alivyoumbwa.

Mwenye nyumba hii ya wageni wanamwita Mama Funguo, anatembea na kishada cha funguo kiunoni. Nikamuuliza kwa mzunguko kama anamkumbuka fundi wa saa ya mnara. Akasema, "Mzee yule? Hapa alikuwa analala usiku wa kwanza tu." Nikauliza, na usiku mwingine saba? Akashtuka, akaanza kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Akasema yeye anatunza wageni, hatunzi habari zao.

Na jambo jingine. Leo dereva alipofungua mkoba wake niliona bahasha mbili zenye mwandiko wako. Moja akanipa. Nyingine akairudisha mfukoni upesi. Nikamwambia nipe zote. Akasema, "Mama, hii siyo yako," akashuka nayo njia ya nyuma ya posta. Una nani kwenye mji huu, Chiriku? Tangu lini umeanza kuwa na habari chache kiasi hiki? Wewe uliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wako haukuwahi kulala.

Pafukapo moshi pana moto. Baba yako alikuwa na mwanamke huku, na wewe unamjua. Niambie mwenyewe kabla sijamwona kwa macho yangu.

Mama yako


Nyumbani
Jumanne, 11 Juni

Shikamoo Mama,

Barua yako imenikasirisha, nikaiweka siku nzima ndipo nikaweza kuijibu.

Umekwenda kupumzika au umekwenda kumsimamisha marehemu mahakamani? Mtu aliyekaa na wewe miaka thelathini na sita, aliyekuwa anakupashia maji ya kuoga kila asubuhi, leo unamkagua kitabu kwa kitabu kama mtoto aliyeficha karatasi kwenye soksi. Baba hakuwa na mwanamke. Hilo nakuapia. Zaidi ya hapo usiniulize kwenye karatasi, kuna mambo siyo yangu kuyasema.

Bahasha ya pili ilikuwa ya mtu ninayefahamiana naye kikazi.

Nakuomba kitu kimoja. Huo mnara achana nao. Hizo ngazi mia moja na kumi na mbili siyo za goti lako, hazina hata reli ya kushika, na huko juu hakuna cha kuona ila vyuma na mafuta. Rudi nyumbani, tukae jikoni, nikueleze ana kwa ana.

Kitinda mimba wako


Chumba namba 4
Alhamisi, 13 Juni

Chiriku,

Ngazi mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu leo, ziko kamili.

Kwenye ubao hazikuandikwa. Mimi sikukutajia. Baba yako hakuwahi kuzitaja mbele yangu. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu: umewahi kufika hapa, na ukapanda mpaka juu.

Mtunza mnara alinipandisha mwenyewe, akinisubiri kila ngazi ya kumi. Nikamwambia mimi ni mjane wa fundi wa saa, akavua kofia. Nikamwomba nione mashine. Kuna kasha la mbao refu kunipita, na ndani magurudumu yenye meno, yanakwenda polepole kama yana umri wangu. Kila fundi wa saa ana tabia moja, nawe umekulia humo: akimaliza kazi anakwaruza tarehe kwa ncha ya bisibisi upande wa ndani wa mlango, mahali mwenye saa haoni. Nikafungua mlango. Nikavaa miwani.

Zimo tarehe za baba yako zote, moja chini ya nyingine, na alama yake ya mkasi mdogo. Kazi ya siku moja kila mwaka. Siku moja, siyo nane. Na kwa miaka kumi ya mwisho, hata ule wa ugonjwa alipobakiza nguvu za kupanda mnara tu, pembeni ya mkasi kuna alama nyingine. Pembetatu yenye nukta katikati.

Chini ya tarehe ya mwisho ya baba yako kuna tarehe nyingine mbili. Mwaka jana mwezi wa sita, alipokuwa ameshakaa kaburini miezi mitatu. Na mwaka huu, Jumapili hii iliyopita, nikiwa chini hapa hapa mjini. Hizo zina pembetatu peke yake.

Nilitakiwa kujua siku ya kwanza. Fundi amekufa na saa inakwenda sawasawa, nani anaitia ufunguo? Mimi nikasimama chini yake nikijisikitikia.

Pembetatu ile niliisugua kwenye ukuta wa sebule kwa sabuni mara ngapi? Ilikuwa kwenye kila daftari lake, kwenye mguu wa meza, kwenye sahani ya bati. Nilimchapa kwa ajili yake akiwa na miaka saba. Kaka yako ndiye wa pili. Nimemtafuta mwanamke siku kumi, nimemkuta mwanangu. Nilikaa sakafuni kwenye mafuta yale, mtunza mnara akadhani ni goti.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu, maana uongo wako na wa baba yako nimeuona, na wangu haujauona.

Unakumbuka bangili ya dhahabu aliyoniachia marehemu bibi yako. Ilipopotea nilisema ameiba yeye, kwa sababu wiki ile alikuwa anataka safari na nikamkatalia. Akaapa. Nikamwambia aapie nje. Nikafunga mlango, nikasema ndani ya nyumba hii asitajwe. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Bangili haikuibiwa. Mwaka wa pili nilikuwa nafumua pindo la koti langu zito, nikaikuta. Mfuko ulikuwa umetoboka, imeteremka ikalala kwenye bitana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivaa. Nikaiweka chini ya vifungo, ndani ya kopo langu la kushonea. Nikasema nitamtafuta wiki ijayo. Halafu nikasema mwezi ujao. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka ikawa miaka tisa. Nimezoea kukamata watu, Chiriku. Kukamatwa sikuzoea.

Anakaa wapi? Na usimwandikie kwamba nimejua.

Mama yako


Nyumbani
Jumamosi, 15 Juni

Shikamoo Mama,

Nimelia kazini, dada mkuu wa wodi akanipa saa moja nikae stoo ya mashuka. Ndipo nilipo nikiandika.

Ndiyo, Baba alikuwa anakutana naye. Alipotoka nyumbani alikwenda huko kwa sababu ndiyo safari pekee Baba aliyowahi kumchukua akiwa mdogo. Baba akamfundisha kazi, siku nane kila mwaka. Asubuhi wanatengeneza saa za watu, mchana wanatembea. Baba alisema nyumbani ameshindwa kumtetea, basi angalau amtembeze. Mimi nilikwenda mara moja, kabla sijaolewa. Nilikudanganya ni semina. Tulipanda mnara watatu, na Baba alikuwa anahesabu ngazi kwa sauti kama tuko darasa la kwanza.

Kaka ana kibanda cha kutengeneza saa nyuma ya posta, mlango wa kijani. Bahasha ya pili ilikuwa yake. Nilimwandikia kwamba uko mjini, asije akakutana na wewe barabarani bila kujiandaa. Akajibu kwa mstari mmoja: "Sitamkimbia na sitamfuata."

Mama, kuna lingine, na nisiposema leo sitasema tena. Habari ya bangili siyo mpya kwangu. Baba aliiona. Alikuwa anatafuta sindano nyembamba ya kusafishia saa, akafungua kopo lako la vifungo. Hiyo ni miaka saba sasa. Aliniambia hospitali, siku nne kabla hajafariki. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Namngoja mama yenu aseme mwenyewe. Nikimsemea mimi, atakuwa amekamatwa. Akisema yeye, atakuwa ameomba." Kila ulipoanza sentensi kwa kusema "kuna jambo," alikuwa anaweka chini vyombo vyake anakusikiliza. Likawa jambo la sukari, la paa kuvuja. Alingoja mpaka mwisho.

Kaka hajui. Baba hakumwambia, na mimi sikumwambia. Mpaka leo anaamini wewe unaamini ameiba. Ndiyo sababu nilikuwa nakuzuia. Niliogopa utakutana naye ukamwita mwizi tena, na yeye ameshajifunza kuishi bila sisi.

Uamuzi ni wako. Mimi nimechoka kubeba.

Kitinda mimba wako


Chumba namba 4
Jumanne, 18 Juni

Chiriku wangu,

Barua ilinifikia jana asubuhi. Nikaisoma mara moja, nikaikunja, nikafumua bitana ya mkoba wangu. Bangili nilikuja nayo. Sijui kwa nini nilikuja nayo. Labda nilijua kuliko nilivyokuwa najiambia.

Nikaenda nyuma ya posta. Mlango wa kijani ulikuwa wazi nusu. Alikuwa ameinama mezani na ile lenzi ya jicho moja, ameanza mvi pembeni kama baba yako alivyoanza. Hakuinua kichwa. Nikavua saa mkononi nikaiweka mezani, nikasema inachelewa. Akaifungua. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji saa.

Akasema, "Saa hii haichelewi."

Akainua kichwa. Nikaiweka bangili pembeni ya saa. Nikamwambia ilikuwa kwenye pindo la koti langu. Nikamwambia niliiona mwaka wa pili. Nikamwambia kwamba miaka tisa nimejua hakuiba na nikanyamaza, na kwamba sikuja kuomba chai wala kuitwa mama, nimekuja kusema hilo. Nadhani nilisimama kama mwanafunzi, mikono nyuma.

Akavua ile lenzi. Akaigeuza bangili kwa bisibisi, bila kuigusa kwa mkono. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, kile cha alipokuwa na miaka saba, na nikatamani anitukane. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba alijua?"

Sasa sikiliza vizuri. Karibu miaka sita yule mzee amekaa naye pangoni, amecheka naye, amelala kwake, na moyoni anajua hakuiba, na hakumwambia. Alikuwa na sababu zake na mimi nazielewa, maana zilikuwa za kunisubiri mimi. Lakini kaka yako hakuwa na mtu mwingine ila huyo. Nikimnyang'anya huyo, nimemwachia nini?

Nikasema, "Hakujua. Aliondoka hajui."

Nimefukuza watoto kwa kuchungulia karatasi ya jirani, na jana nimedanganya mchana kweupe, nikamtazama machoni. Na wewe ukiulizwa, hujui. Barua yako ya Jumamosi nimeichoma kwenye jiko la Mama Funguo. Hii nayo uichome. Usiniletee habari ya ukweli, huu ndio urithi pekee wa baba yake ninaoweza kumlindia.

Akanirudishia saa. Bangili akaiacha pale pale mezani, akasema nikitaka kuondoka niondoke nayo, yeye hana kazi nayo. Nikaichukua. Hakunikaribisha kukaa. Nilipofika mlangoni akasema kesho anafunga mapema, na huwa anatembea mpaka daraja la mawe. Hakusema twende.

Leo mchana nikaenda. Nilimwona mbele yangu barabarani, nami nikabaki nyuma, maana sikualikwa. Kwenye kona akasimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nikampita. Basi nikawa mbele yeye nyuma, hatua kama kumi, hivyo hivyo mpaka kwenye kibanda cha mlinzi wa daraja.

Mlinzi akanisukumia kitabu. Nikaandika tarehe, jina langu, ninakotoka. Kwenye idadi mkono ukakataa. Nilikuwa nimeikagua safu hiyo siku kumi na tano na sikuwa na haki ya kuijaza. Mlinzi akauliza, "Mko wangapi, mama?" Nikabaki nimeinama juu ya kitabu na kalamu yangu. Nikasikia viatu vinakuja nyuma, vikasimama.

"Wawili," akasema kaka yako.

Nikaandika. Kwenye maoni sikuandika kitu, miwani ilikuwa imelowa.

Mama yenu